Kifaa cha mkononi ni akiba, si rubani

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wao hao walituambia kuwa akiba haiozi. Kwa miaka mingi nilizichukua methali hizi mbili kuwa ni za mambo ya nyumbani, za nguo na nafaka, mpaka siku nilipojikuta angani ndani ya ndege ndogo ya injini moja, redio zake zote zimenyamaza kimya kama kaburi, na rubani wetu anapapasa chini ya kiti akitafuta redio ya mkononi. Siku hiyo nilitambua kwamba methali hizo zahusu pia usalama wa wasafiri wa anga, na kwamba mwenye kuishika moja na kuitupa ya pili hujitia hatarini yeye pamoja na aliowachukua.

Nitakisimulia kisa chenyewe kwa ufupi, kwa kuwa ndicho kilichonisukuma kuandika haya. Ilikuwa mwezi wa Julai, miaka kadhaa iliyopita. Tulikuwa abiria watano, tumeruka kutoka uwanja mdogo wa vumbi karibu na Maralal, safari yetu ni Wilson, Nairobi. Miongoni mwetu alikuwemo mama mmoja aliyempakata mwanawe mgonjwa, aliyekuwa akimpeleka hospitalini. Mimi nilikuwa nimeketi mbele, kando ya rubani, kijana mpole asiyezidi miaka thelathini. Mbele yake, juu ya dashibodi, alikuwa amekibandika kifaa kidogo cha GPS, chenye ukubwa wa kiganja, na katika kioo chake ulionekana mstari mmoja mnyoofu uliotoka tulikokuwa hadi tulikokuwa tukienda.

Mstari ule ulikuwa mzuri kutazama, lakini ulikuwa na siri. Yeyote ajuaye ramani ya Kenya anaelewa kwamba mtu akichora mstari mnyoofu kutoka Maralal hadi Wilson, mstari huo utapita moja kwa moja juu ya safu za Nyandarua, ambazo kilele chake hufika mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Na mwezi wa Julai milima hiyo hujifunika mawingu mazito, mtu asiweze kutofautisha wingu na jabali. Kijana yule hakuufuata mstari. Alipoyaona mawingu, aliigeuza ndege upande wa mashariki, akaitafuta ile nafasi iliyopo kati ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambayo barabara ya Nanyuki na Nyeri huipitia. Nilimwuliza kwa nini ameuacha mstari. Akanijibu kwa utaratibu, "Mzee, huu mstari haujui kama kuna mlima."

Hatukuwa tumeifikia Nanyuki ndipo taa moja nyekundu ilipowaka mbele yetu. Baada ya dakika chache redio ilianza kukwaruza, kisha ikafa. Kifaa cha kujibu rada nacho kikafa. Jenereta ilikuwa haifanyi kazi, na betri ya ndege ilikuwa imekwisha nguvu. Injini haikuzimika, kwani injini za namna hiyo hujitolea cheche zenyewe bila kuhitaji betri. Lakini tulikuwa bubu na viziwi angani, tunaelekea katika anga ya Nairobi yenye ndege nyingi kuliko anga nyingine yoyote katika eneo hili. Rubani akainama, akaitoa redio yake ya mkononi, akabonyeza. Kijitaa cha kijani kikamulika mara moja kama kimulimuli, kikazimika. Akabonyeza tena na tena. Redio ya akiba haikuwa na chaji.

Kwa bahati, kijana yule alikuwa na busara kuliko vifaa vyake. Hakujaribu kuingia Nairobi. Aliitazama dira, akaitazama ramani ya karatasi aliyoikunja pajani, akaifuata barabara, akatuteremsha salama katika uwanja mdogo wa Nanyuki baada ya kuzunguka mara mbili ili kuhakikisha kuwa hakuna ndege nyingine. Ukanda wa kuzungushia jenereta ulikuwa umekatika. Yule mama na mwanawe walimaliza safari yao kwa gari, wakafika usiku.

Ilipokuwa tunangoja, ndipo kijana aliponiambia neno ambalo halijanitoka akilini hadi leo. Alisema kwamba siku mbili kabla ya safari ile aliona dalili kwamba umeme wa ndege hauendi sawa, akatoa taarifa kwa wenye ndege. Jibu alilopewa lilikuwa: "GPS unayo, redio ya mkononi unayo, wasiwasi wa nini? Nenda." Kijana akaenda, kwa sababu ana wazazi na wadogo wanaomtegemea, na kwa sababu vijana wengine wenye leseni wamejaa pale Wilson wakingojea nafasi yake.

Msomaji mpendwa, hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Vifaa vya mkononi, yaani GPS na redio ndogo za betri, ni baraka kubwa kwa rubani wa ndege ndogo. Mimi si miongoni mwa wale wanaotaka vipigwe marufuku kwa madai kwamba ni vitu vya kuchezea. Hata hivyo, baraka hiyo hugeuka laana pale akiba inapofanywa kuwa kisingizio cha kutotengeneza kilichoharibika, au inapofanywa kuwa rubani badala ya rubani.

Tuanze na baraka. Katika nchi hii ndege ndogo si starehe ya matajiri peke yao. Kwa watu wa Mandera, Lokichogio, Moyale na visiwa vya Lamu, ndege ndogo mara nyingi ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo gari la posta na ndiyo gari la daktari. Huduma ya madaktari waendao kwa ndege, ambayo ilianzishwa hapa Afrika Mashariki mwaka 1957 na ambayo leo hujulikana kwa jina la AMREF, ilijengwa juu ya nguzo mbili: ndege nyepesi na redio. Miraa ya Meru husafirishwa kwa ndege kutoka Wilson. Watalii waendao Maasai Mara, maafisa wa usalama, wabunge, wahubiri, wote hupanda ndege hizo. Viwanja vingi wanavyoteremkia havina mnara wa kuongozea ndege, havina taa, wala havina mitambo yoyote ya kumwelekeza rubani. Kuna ukanda wa vumbi, kuna kitambaa cha kuonyeshea upepo, na wakati mwingine kuna mbuzi wa kufukuza kwanza.

Marubani wa zamani waliziruka nchi hizi bila chochote kati ya vitu hivi. Beryl Markham, aliyejifunza urubani papa hapa Kenya na ambaye mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake akielekea magharibi, aliruka bila redio. Alitegemea dira, saa, ramani na macho yake. Lakini tusidanganywe na sifa za mashujaa. Wengi wa wenzao walikufa, na wengine hawakuonekana tena. Aliye na uwezo wa kujua alipo na akakataa kujua, huyo hatumwiti shujaa.

Mfumo wa GPS wenyewe una historia ambayo kila msafiri angepaswa kuijua. Uliundwa na jeshi la Marekani kwa matumizi ya kivita. Tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia ikaingia katika anga ya Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa, na watu wote 269 waliokuwemo wakaangamia. Ilipotea kwa sababu ilikuwa imekwenda kombo na waliokuwa wakiiendesha hawakutambua. Mwezi huo huo Rais Ronald Reagan alitangaza kwamba mfumo huo utakapokamilika utatumiwa na raia wa dunia nzima bila malipo. Ulitangazwa kukamilika mwaka 1995, na mwezi wa Mei mwaka 2000 Marekani ikaacha kuyachafua makusudi mawimbi waliyopewa raia, kosa la kiasi cha mita mia likapungua hadi mita chache. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba kifaa kile kidogo kilichobandikwa mbele ya yule kijana kilinunuliwa kwa damu ya watu 269.

Kazi yake si uchawi. Setilaiti zipatazo thelathini huizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, kila moja ikiwa na saa isiyokosea na ikitangaza daima wakati na mahali ilipo. Kifaa kilicho mkononi hupokea habari hizo, na kikizisikia setilaiti nne au zaidi, hupiga hesabu kikajua mahali kilipo, urefu wake, na mwendo wake. Kwa rubani aliye juu ya jangwa la Chalbi, ambako hakuna mto wala barabara wala mji wa kumwonyesha njia, hiyo ni neema isiyo kifani. Na kwa kuwa kifaa hutumia betri zake chenyewe, umeme wa ndege ukikatika, chenyewe huendelea. Siku ile ya Nanyuki GPS ilibaki hai, na ilitusaidia kujua umbali uliobaki.

Basi wapi penye lawama? Lawama ya kwanza ni hiyo aliyoitaja kijana: mstari hauujui mlima. Vifaa vingi vya bei nafuu huonyesha njia ya mkato bila kujali kilichomo njiani. Vilivyo bora zaidi vina picha ya milima na hutoa onyo, lakini onyo hilo hutegemea kumbukumbu zilizotiwa ndani na kama zimefanywa upya. Nchi yetu si tambarare. Tarehe 19 Julai 2003 ndege iliyowachukua watalii wa Kimarekani iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, wakafa wote 14. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya kijeshi iliyokuwa ikiwapeleka viongozi katika ujumbe wa amani ilianguka Marsabit, wakafa watu 14, wakiwemo wabunge. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kuelekea Nairobi iligonga milima ya Nyandarua, wakafa wote 10, na mabaki yake hayakupatikana mpaka siku mbili baadaye. Sidai hata kidogo kwamba kifaa cha mkononi ndicho kilichosababisha misiba hiyo. Kila msiba ulikuwa na mambo yake. Ninachosema ni kwamba milima ipo pale pale, mawingu yapo pale pale, na kioo chenye mstari mzuri hakiondoi hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Lawama ya pili ni kwamba kifaa cha mkononi hakikuidhinishwa kumwongoza rubani ndani ya mawingu. Mitambo ya GPS iliyofungwa rasmi ndani ya ndege hujichunguza yenyewe, na ikiona kuwa habari inazopata si za kuaminika, hupiga kelele. Vifaa vingi vya mkononi havina uangalizi wa namna hiyo: vitakuonyesha mahali ulipo kwa ujasiri ule ule, ziwe habari ni za kweli au za uongo. Na siku hizi uongo upo. Mwaka 2024 ripoti za Umoja wa Mataifa zilieleza jinsi mawimbi ya GPS yalivyokuwa yakivurugwa huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hata ndege zikapata taabu. Kivu si mbali nasi. Marubani wa Wilson huenda huko.

Lawama ya tatu ni ndogo machoni lakini kubwa matokeoni. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Mtu akizichukua namba za uwanja kutoka ramani ya zamani akazitia kwenye kifaa bila kufanya mageuzi, atakosea kwa kiasi cha mita mia tatu. Mchana wenye jua mita mia tatu si kitu. Kwenye ukungu wa asubuhi, bondeni, ni tofauti ya uwanja na kilima.

Lawama ya nne inahusu mahali kifaa kinapowekwa. Mwezi wa Februari mwaka 2014 ndege kubwa ya jeshi la anga la Uingereza iliyokuwa na watu 198 iliporomoka futi 4,400 kwa sababu kamera ya rubani ilikwama kando ya usukani wake. Kamera tu! Ikiwa hayo yalitokea katika ndege kubwa namna hiyo, itakuwaje katika chumba kifinyu cha ndege ya viti sita, ambamo GPS, redio, simu na chupa ya maji vyote vinateleza huku na huku ndege inaporuka matuta ya hewa? Zaidi ya hayo, spika ya redio ya mkononi ina sumaku ndani yake. Mwenye kuiweka karibu na dira huipotosha dira, na dira ni chombo kisichohitaji umeme wala setilaiti wala ruhusa ya nchi yoyote.

Sasa tuigeukie redio, kwani ndiyo iliyotuangusha siku ile. Redio za ndege hutumia mawimbi yanayokwenda kwa njia iliyonyooka, kama macho yanavyoona. Ndege iliyo juu sana yenye redio ya nguvu huweza kusikika umbali wa zaidi ya kilomita 200. Redio ya mkononi ina nguvu chache, antena yake ni fupi kama kidole, na ikitumiwa ndani ya chumba kilichozungukwa na bati, sauti yake hufika mbali kidogo tu. Juu ya hayo kuna mngurumo wa injini, ambao humfanya rubani asisikie anachojibiwa. Watu wengi huinunua redio, wakaitia mkobani, wakaamini kuwa wamenunua usalama. Hawajaijaribu hata siku moja injini ikinguruma.

Dawa yake haina ugumu. Fundi aliyehitimu huweza kuweka tundu dogo litakalomwezesha rubani kuiunganisha redio ya mkononi na antena iliyo nje ya ndege, na waya wa kuiunganisha na vifaa vya masikioni hupatikana. Kwa mambo hayo mawili, redio iliyokuwa ikisikika umbali mfupi husikika mbali zaidi, na rubani akaelewa anachoambiwa. Tena, rubani aliyekosa mnara anaweza kuita katika masafa ya 121.5, ambayo ni ya dharura dunia nzima na ambayo marubani wengi wa ndege kubwa huyasikiliza wapitapo juu. Tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti za uokoaji haziyasikilizi tena masafa hayo. Husikiliza yale ya 406. Kwa hiyo sikio la mwanadamu mwenzako, aliye juu yako katika ndege ya abiria, ndilo litakalokusikia. Lakini atakusikia tu ikiwa betri ina chaji.

Wapo watakaosema, kuna haja gani ya redio ilhali sheria za anga zimekwisha weka utaratibu wa ndege iliyopoteza mawasiliano? Ni kweli utaratibu upo. Rubani huweza kuiweka namba 7600 katika kifaa cha kujibu rada, na waongozaji wakajua kwamba amepoteza redio. Lakini kifaa hicho nacho hutaka umeme, na umeme ukifa hufa navyo pamoja. Utaratibu mwingine ni wa taa: mnara humwashia rubani taa ya kijani isiyokatika kumruhusu atue, nyekundu isiyokatika kumwambia ampishe mwenziwe na azidi kuzunguka, nyekundu ya kumulika kumwambia asitue kwa kuwa uwanja si salama. Ni utaratibu mzuri, nao ni wa kale. Nawauliza marubani wetu kwa heshima: ni lini mara ya mwisho mlifanya mazoezi ya taa hizo? Na viwanja vyetu vingi, kama nilivyokwisha sema, havina mnara wa kuwashia taa hiyo.

Wapo pia watakaolalamikia gharama. Watasema biashara ya ndege ndogo ni ngumu, mafuta ni ghali, vipuri huagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Sipingi. Lakini hoja ya gharama ndiyo hasa inayoniogopesha, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mwenye ndege aseme, "Unayo ya mkononi, nenda." Kifaa kilichonunuliwa ili kumwokoa rubani siku ya shida hutumiwa kumsukuma aingie katika shida hiyo. Akiba ikiisha kuliwa asubuhi, usiku mtalala na nini?

Kwa sababu hizo ningependa kutoa maoni yafuatayo kwa Halmashauri ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA), kwa wenye ndege, na kwa shule za urubani.

Kwanza, kila ndege ndogo inayochukua abiria wa kulipa iwe na redio ya mkononi ya masafa ya ndege, na chaji yake ikaguliwe na kuandikwa kabla ya kila safari, kama yanavyokaguliwa mafuta. Kisanduku cha betri za kawaida za dukani kiwemo, ili chaji ikikosekana, rubani asikose. Iwapo redio haijakaguliwa, ihesabiwe kuwa haimo.

Pili, ndege hizo ziwekwe tundu la antena ya nje, na GPS ya mkononi ifungwe kwa kishikizo madhubuti mbali na dira na mbali na usukani. Kitu kinachoteleza hakina nafasi katika chumba cha rubani.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, iandikwe waziwazi kwamba kifaa cha mkononi hakiwezi kamwe kuchukua nafasi ya mtambo wa ndege ulioharibika. Ndege ambayo umeme wake au redio yake ina hitilafu isiondoke na abiria kwa hoja ya kwamba rubani ana kifaa mfukoni. Na rubani atakayekataa kuondoka kwa sababu hiyo alindwe kisheria asipoteze kazi. Pasipo ulinzi huo, kanuni itabaki kuwa maandishi ya ofisini, na vijana wataendelea kutumwa.

Nne, shule za urubani zimfundishe mwanafunzi kukizima kifaa. Katika kila safari ya mazoezi, mwalimu akichukue GPS, akitie mfukoni mwake, amwachie mwanafunzi dira, saa na ramani. Kisha amrudishie, amfundishe kukitumia kwa ukamilifu: kukitazama kwa nukta chache, kisha kutazama nje, kukilinganisha na ramani, kukitilia shaka. Anayejua njia zote mbili ndiye atakayefika.

Inafaa tukumbuke asili ya neno letu lenyewe. Kabla ya ndege kubuniwa, rubani kwa watu wa pwani alikuwa ni yule mjuzi aliyekiongoza chombo baharini, akakipitisha baina ya miamba hadi kikatia nanga salama. Alizijua nyota, aliujua Kusi na Kaskazi, aliijua rangi ya maji ya kina na ya mafungu. Dira ilipofika aliipokea, wala hakuyafumba macho yake kwa kuwa ana dira. Na hakuna nahodha aliyemwambia, "Tanga limepasuka lakini dira unayo, twende." Sifa ile ndiyo tuliyoihamishia angani tulipomwita mwendeshaji wa ndege kwa jina hilo hilo.

Kijana wa Nanyuki aliistahili sifa hiyo. Alikuwa na kifaa, hakukiabudu. Alikuwa na ramani, hakuitupa. Alikosea jambo moja, kutoitia chaji redio yake, naye alikiri mbele yetu bila kuficha. Lakini kosa kubwa zaidi halikuwa lake. Lilikuwa la aliyeketi ofisini, aliyejua kwamba ndege ina kasoro, akahesabu kwamba vitu viwili vya betri vyatosha kuyabeba maisha ya watu sita na mtoto mgonjwa.

Tusingoje mpaka tume ya uchunguzi iundwe na bendera zipepee nusu mlingoti ndipo tuseme tulijua. Redio zitiwe chaji leo, na ndege yenye kasoro ilale chini mpaka fundi aikamilishe. Tahadhari kabla ya hatari.